Atiki ya mtoto: tunapamba vidio, mtoto halali

Wasee, leo sina utani. Na nitaanza na makosa yangu mwenyewe, ndiyo mkikuja kwa komenti mnipate nishajisema.

Agosti mwaka jana niliposti vidio ya sekunde 58. Ilikuwa ya chumba cha binamu yangu, kile cha juu kabisa chini ya paa, hapa kwetu Manyatta, Embu. Kabla: mbao tupu sakafuni, kenchi zote nje, magunia mawili ya mahindi, utando wa buibui. Baada: karatasi ya ukutani yenye mawingu, taa za kamba zinazobadilisha rangi, hema la kitambaa, zulia la manyoya, deka nyeupe ya mbao, na stika za nyota kwa kenchi. Muziki wa polepole, mkono wangu ukifungua pazia, kwisha. Watu 41,000 waliitazama. Kabla ya hapo nikipata 600 nilikuwa nashukuru Mungu.

Siku nne baadaye nikampigia anti simu kumwambia vidio yetu imeenda. Nikamuuliza Kadogo anakionaje chumba. (Kadogo ndiye binamu yangu, ana miaka 6, na jina lake la kweli halitaingia intaneti kupitia kwangu.) Anti akanyamaza kidogo.

“Analala kwa kochi.”

“Tangu lini?”

“Tangu usiku wa pili.”

Usiku wa kwanza kulinyesha. Kama umewahi kulala chini ya mabati yasiyo na dari, hiyo kelele unaijua. Sasa Kadogo alikuwa kwa deka ya juu, uso wake futi mbili hivi kutoka kwa bati. Usiku wa pili aliamka kwenda haja, giza totoro, akainuka haraka vile mtoto yeyote huinuka, akagonga kichwa kwa kenchi. Alipoanza kulia akashindwa kuipata ngazi ya kushukia. Anti alimkuta ameketi amekumbatia mto, bonge limevimba kama yai. Na hiyo kenchi ndiyo mimi nilikuwa nimebandika nyota.

Kwa hivyo haya ndiyo maneno yangu, na siyo ya Kadogo peke yake. Sisi watu wa kontenti tumewafunza wazazi kupanga chumba cha atiki kinyumenyume. Tunaanza na rangi na taa, tunakuja kwa kitanda, na paa lenyewe tunaligusa kama doo imebaki. Njia ya kutoka hatuigusi kabisa kwa sababu haionekani kwa kamera. Kumbe chumba ambacho ukuta wake unainama juu ya kichwa chako kinataka uanze na vitu vitatu: hilo paa lina joto gani, mtoto ana kimo gani, na kukiwaka moto anatokea wapi. Mawingu ya karatasi yatasubiri.

Hizi atiki zimetoka wapi hata? Siku hizi ukijenga huku kwetu unataka paa refu lenye mgongo mkali, lile linaonekana kutoka barabarani. Na shamba limegawanywa kwa ndugu mpaka kila mtu amebaki na kipande. Kahawa inataka nafasi, ng'ombe anataka nafasi, macadamia umepanda juzi huwezi kung'oa. Ukitaka chumba cha tatu unaangalia juu. Fundi naye anakuchocha: “Hii nafasi yote mnaachia popo?” Mbao zinapigwa juu ya boriti, ngazi inapigwa kando ya jikoni, dirisha moja linatobolewa kwa ukuta wa pembetatu, grili inawekwa, na tayari una chumba. Cha nani? Cha mtoto, bila hata kuulizana. Mtu mzima hawezi kusimama huko, kwa hivyo ni cha mtoto.

Hapo ndipo nataka tugombane kidogo. Ingieni sebule ya anti, na ya mamako, na ya jirani yenu. Kochi za watu saba, zimevalishwa vitambaa, zinangoja wageni wa Desemba. Kabati la TV limechukua ukuta mzima na ndani kuna sahani ambazo hazijawahi kuona chakula. Dari ya jipsam yenye taa za kujificha. Hicho ndicho chumba kikubwa, chenye hewa, chenye dari, na watu hukaa ndani labda siku ishirini kwa mwaka. Mtoto anayelala kila usiku, saa kumi kila usiku, ndiye amepewa masazo ya nyumba. Halafu tunamnunulia hema la kitambaa ili asijue ni masazo.

Na mawazo tunatoa wapi? Pinterest. Mimi nilikuwa na folda yenye picha 60 za vyumba vya watoto vyenye paa lililoinama, na karibu zote ni za Denmark, Uswidi, Uholanzi. Zinapendeza, sikatai. Lakini angalia vizuri kile ambacho picha haikuambii. Nyuma ya ule ukuta mweupe ulioinama kuna pamba nene ya kuzuia baridi, kisha mbao, kisha vigae. Na lile dirisha lililolala juu ya paa lina historia yake: Mdenmark mmoja, Villum Kann Rasmussen, alianzisha kampuni yake mwaka 1941 kwa sababu alitaka atiki ziwe mahali pa watu kuishi. Madirisha yake yanaitwa Velux, na jina lenyewe limeunganishwa kutoka kwa maneno ya hewa na mwanga. Hewa na mwanga, wasee. Hivyo ndivyo vitu alivyoanza navyo. Sisi tulichukua picha, tukaacha vyote viwili, tukabeba zulia.

Paa letu ni bati geji 30 na mbingu. Bati ni karatasi ya chuma, haina moyo wa kushika joto. Jua likitoka saa tano linachemka, na hewa moto ikiwa ndani ya nyumba hupanda juu, yaani inaenda moja kwa moja kwa mtoto. Jua likizama, bati linapoa kabla hujamaliza ugali. Embu mjini tuko kama mita 1,350 juu ya bahari, na ukiacha mji kuja Manyatta unazidi kuupanda mlima. Julai na Agosti huku ni manyunyu na baridi ya kuingia mifupani. Ile pumzi mtoto anatoa usiku ikigusa bati baridi inageuka maji, na asubuhi unaona matone yamening'inia kwa misumari. Mimi niliyaona nikarekodi, nikadhani ni umande umeingia kwa nyufa, nikaweka kichujio cha rangi ya buluu. Aibu yangu hiyo.

Tena tunaongeza dhambi kwa dhambi, kwa sababu mtindo wa mabati sasa ni rangi ya makaa. Kila mtu anataka paa jeusi lisilong'aa. Rangi nyeusi hunywa jua, ya kung'aa hulirudisha. Hii tulisoma shule ya msingi, na bado tunalipa zaidi ili mtoto aokwe vizuri.

Kuna neno letu linanichekesha nikilifikiria. Dari. Huku bara ukisema dari mtu anafikiria zile mbao za kufunika kenchi. Nenda Lamu, ule mji wa kale ambao UNESCO iliuweka kwa orodha yake mwaka 2001, na dari ni ghorofa. Zile nyumba za matumbawe na chokaa zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti, chini kidogo ya mita 3. Vyumba vyembamba, kama vya atiki zetu. Lakini wenye nyumba waliishi juu kwa sababu juu ndiko kuna upepo, kuta zilikuwa nene za kuzuia joto, na jiko waliliweka juu kabisa ili moshi utoke bila kupita mahali watu wanalala. Sisi tumeweka jiko chini, mtoto juu, na tundu la ngazi katikati kama bomba la moshi.

Shosho yangu hajawahi kufika Lamu lakini alisema kitu hicho hicho kwa njia yake. Nilimwonyesha vidio nikingoja anisifu. Akaitazama mpaka mwisho, akaomba nimrudishie pale mwanzo, akauliza, “Hapa si juu ya jikoni?” Nikasema ndiyo. “Sisi juu ya moto tulikuwa tunaweka kuni zikauke, na mahindi ya mbegu yasiingie wadudu.” Kisha akanirudishia simu. Ukiwa na shosho wa Embu unajua hayo ni matusi kamili.

Najua komenti zenu tayari. Kuna yule wa “sisi tulilala sakafuni sita kwa chumba kimoja na tukakua”. Ndiyo, mlikua. Na mlilala sakafuni, ambapo hakuna mahali pa kuanguka. Kuna yule wa “wengine hawana hata hiyo atiki”. Kweli, na mimi siandikii yule asiye nayo, naandikia yule ambaye ametumia doo na akaitumia vibaya. Kwa sababu hii siyo hadithi ya umaskini. Wacha niwafungulie hesabu. Deka 22,000. Karatasi ya ukutani 6,500. Zulia 4,000. Hema 3,500. Taa za kamba 1,800. Stika na takataka nyingine 2,200. Jumla ni shilingi 40,000 kamili, anti akatoa 30,000, mimi 10,000 kutoka kwa kazi ya tangazo moja. Kwa hizo pesa mtoto alilala usiku mmoja na nusu.

Oktoba, kabla mvua za vuli hazijashika, tulianza upya. Bila kamera. Awamu hii tulitumia 26,000 na kitu, na nyingi zilienda mahali ambapo hakuna mtu atawahi kulaiki: juu. Fundi alipiga foili inayong'aa chini ya kenchi, akaacha nafasi ya hewa kati yake na bati. Hiyo nafasi siyo uvivu, usikubali fundi aibane. Foili inafanya kazi ya kurudisha joto ikiwa ina hewa mbele yake. Ukiigandisha kwa bati inakuwa ni bati nyingine tu. Chini ya foili akapiga mbao za saipresi za kuingiliana, zile T&G. Kisha akatoboa matundu mawili juu kabisa kwa zile kuta za pembetatu, moja kila upande, akayaziba na waya wa mbu, ili hewa moto ipate pa kutokea. Mvua ya kwanza iliponyesha tulipanda wote kusikiliza. Bado unaisikia, lakini sasa ni mvua, siyo mawe.

Ndiyo tukakuja kwa vitu vya ndani, na hapa kuna kitu kimoja nataka muibe. Chukua chaki. Mwambie mtoto aketi sakafuni mgongo ukiwa wima, kisha ajisogeze kuelekea upande ambao paa linashuka mpaka nywele zake ziguse. Piga mstari hapo. Sasa asimame katikati ya chumba, atembee kuelekea huko huko mpaka kichwa kiguse. Piga mstari wa pili. Fanya hivyo kila upande. Ukimaliza una ramani ya chumba ambayo hakuna Pinterest itakupa, kwa sababu imepimwa kwa mtoto wako. Katikati, kati ya mistari ya kusimama, ndiko kwa kutembea, kuvaa nguo, kucheza, na usiweke kitu. Kati ya mstari wa kusimama na wa kuketi ndiko kwa kitanda na meza. Nje ya mstari wa kuketi, ile pembe ya chini kabisa, ni ya vitu visivyo na kichwa: viatu, vitabu, blanketi, mipira.

Kadogo alifurahia hiyo chaki kuliko hema. Na tukagundua mambo mawili. Kwanza, deka yote ilikuwa imesimama mahali pasipo pake, ilikuwa katikati kwa sababu hapo tu ndipo ilitosha, kwa hivyo ilikuwa imekula ile sehemu moja ambayo mtoto angesimama. Pili, ukiongeza godoro unampandisha mtoto, kwa hivyo pima akiwa ameketi juu ya kitanda pia. Wengi wanapima kitanda na kusahau mtu.

Deka tuliikata. Inauma kukata kitu cha 22,000 lakini tuliikata. Kitanda cha chini kikabaki, tukakifupisha miguu mpaka chaga ziko inchi nane kutoka sakafuni. Ubavu wake mrefu unaenda sambamba na ukuta mfupi, ili mtoto akiamka anaviringika kuelekea katikati, siyo kuelekea paa. Cha juu kikawa meza na rafu ya vitabu ya kufika magotini. Na hata kama dari yenu ni ndefu, deka ya juu siyo ya mtoto mdogo. Marekani sheria inataka kila deka iwe na onyo kwamba aliye chini ya miaka 6 asilale juu. Huku unauziwa na stika ya Spiderman.

Kabati refu achana nalo. Litakataa kupita kwa ngazi, na likipita litakataa kusimama. (Kuna jirani yetu alilipandishia dirishani kwa kamba, likakwama, na grili ikabidi ifunguliwe. Kumbuka hiyo grili, narudi.) Tuliweka fimbo ya kuning'iniza nguo kwa ule ukuta wa pembetatu, mahali paa liko juu zaidi, kwa kimo ambacho Kadogo anafikia mwenyewe. Nguo nyingine zote ziko kwa droo fupi za magurudumu zinazosukumwa ndani ya ile pembe. Rafu tuliifunga kwa ukuta na skrubu. Usidharau hiyo skrubu. Mwaka 2016 kampuni ya IKEA iliondoa sokoni huko Marekani kabati za droo kama milioni 29, baada ya watoto kufa walipoangukiwa. Mtoto huvuta droo zote akapanda kama ngazi, ni vile wameumbwa. Na fundi wetu wa Embu hataweka hiyo skrubu usipomwambia, kwa sababu yeye anauza kabati, haziangukii kwake.

Haya. Grili.

Hapa ndipo niliacha kuandika hii posti mara mbili kwa sababu najua wengine mtaona naleta mikosi. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024, pale Hillside Endarasha, Nyeri, moto uliingia kwa bweni lililokuwa na wavulana zaidi ya 150. Watoto 21 walikufa. Umri wa Kadogo na kuongeza miaka michache tu. Nchi nzima ililia, na kila mtu akauliza vitanda vilikaribianaje, milango ilikuwa mingapi. Na majibu ya kile kinachofaa yalikuwa yameandikwa zamani: mwongozo wa usalama wa shule wa mwaka 2008 unasema dirisha la bweni lisiwe na grili na lifunguke kwenda nje, mlango ufunguke kwenda nje, kati ya kitanda na kitanda kuwe na mita 1.2. Serikali iliyaandika kwa sababu watoto walikuwa wameshakufa kabla.

Sasa panda kwa atiki yako uisome na macho hayo. Ngazi moja, na inaanzia kando ya jiko la gesi. Sakafu ya mbao, dari ya mbao, godoro la sponji, karatasi ukutani, na taa za kamba zimechomekwa kwa ekstensheni iliyopita chini ya zulia la manyoya. Dirisha moja. Grili. Kufuli. Hilo ni bweni la mtoto mmoja, na hakuna mkaguzi atakuja kukagua nyumba ya anti. Sisi ndio wakaguzi. Na mimi mkaguzi nilikuja nikabandika nyota.

Tena mjue moshi hauhitaji moto mkubwa. Julai baridi ikizidi, kuna mtu atapandisha jiko la makaa “dakika kumi tu, chumba kipate joto”. Gesi ya makaa haina harufu, na hata jiko likibaki jikoni na madirisha yamefungwa, hewa ya moto inaipandisha mpaka kwa mtoto. Tafadhali. Ongeza blanketi. Weka mlango jikoni na uufunge usiku. Zile kengele za moshi za betri ziko, ni kitu cha kubandika tu darini, na ndicho kitu pekee cha kubandika ambacho bado nakitetea.

Kwa hizo nyingine zote anti alikubali. Taa za kamba zilitoka, zulia likaenda sebuleni. Grili ndiyo anko alikataa. Na sitamchora kama mjinga, kwa sababu ana hoja: wamewahi kuibiwa, na waliingilia dirishani. “Wewe unaongea moto ambao haujakuja,” akaniambia. “Mimi naongea mwizi ambaye alikuja.” Nikamwambia sitaki grili itoke, nataka iwe na bawaba na komeo la ndani ambalo mtoto anafungua bila ufunguo, mbali na mahali mkono wa mtu wa nje unaweza kufika. Chini ya hilo dirisha kuna paa la stoo, futi nne tu kushuka. Mtoto anaweza kusimama hapo akangoja. Akasema atafikiria. Mnajua maana ya mzee wa Embu akisema atafikiria.

Basi Jumapili iliyopita baada ya chakula nikamwomba kitu kimoja. Apande juu na Kadogo, nizime stima pale kwa mita, na tujifanye jikoni kunawaka, hakuna kushuka kwa ngazi. Nami nihesabu dakika na simu. Alicheka, lakini anapenda mashindano, akapanda. Nikazima. Ilikuwa saa mbili usiku na mvua imeanza.

Cha kwanza tulisikia kichwa chake kikigonga mbao. Kisha Kadogo akisema, “Baba, inama, mstari wa chaki.” Kisha kimya. Kisha grili ikitikiswa. Dakika ya kwanza ikapita, ya pili ikapita, anti ameshika mdomo. Kwa dakika ya tatu anko akaita kutoka juu kwa sauti ambayo sijawahi kumsikia nayo, anauliza koti lake liko wapi.

Lilikuwa kwa kochi. Ufunguo wa kufuli ulikuwa mfukoni.

Alishuka bila kusema kitu, akakunywa chai, akauliza tu kama yule kijana wa weldingi pale stejini bado anafanya kazi siku ya Alhamisi. Anafanya. Ile vidio ya kwanza nimeifuta.